Nyumba Iliyooga kwa Nyimbo

"Nakuuliza tena, na safari hii unijibu kama mtu mzima. Ulikuwa wapi?" Wifi mtu alisimama katikati ya sebule, kidole chake kimebakiza kidogo tu kiingie kwenye pua ya mwenzake. "Mama yangu yumo bafuni, stuli yako ya ulinzi iko mlangoni, makalio yako yako wapi?"

"Nilikuwa getini."

"Getini! Kulikuwa na harusi getini?"

"Kuna fundi alinijia na shida ya kazi. Nimeshakwambia, wifi."

"Wee! Mafundi wa mji huu wakikuona wanaruka mitaro. Huyo wa kwako alitoka sayari gani, mpaka akakufuata nyumbani kwa miguu yake?"

"Mkitaka kupigana tokeni nje," akasema mama mdogo kutoka kwenye kochi, hata macho hakufumbua. "Humu ndani kuna vyombo, na mimi ndiye nitakayefagia."

Aliyekuwa akisulubiwa hivyo ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye mikono ya kubebea magunia. Mji mzima ulimwita Mama Valvu. Jina alilopewa na wazazi wake lilishaota kutu kwa kukosa mtumiaji, hata mume wake, enzi za uhai wake, alikuwa akilitaja kwanza inambidi akohoe. Alikuwa mkaguzi wa mabomba. Ukijenga nyumba, au ukifumua bafu ukalijenga upya, hukuruhusiwa kuhamisha hata godoro mpaka Mama Valvu apite. Tena hakuwa mtu wa kupita. Alikuwa mtu wa kuingia.

Alianzia darini. Alipanda mwenyewe, ngazi ikilia chini yake kama paka aliyekanyagwa, akaliendea tangi la hita ya maji na kuligonga kwa kifundo cha kidole kama daktari anayegonga kifua cha mtoto. Alitafuta valvu ya usalama, ile inayofunguka yenyewe tangi likizidiwa na joto, ikatema maji kabla halijapasuka. Akilipata bomba lake la kutemea, alilifuata kwa kiganja mpaka linapotokea nje, ahakikishe kwamba linamwaga chini karibu na ardhi na si kwenye kichwa cha mpita njia. Ole wake aliyechoshwa na matone akaliziba!

"Kuna mzee mmoja aliziba," alikuwa akiwaambia mafundi, uso mkavu kama bati. "Alitumia kizibo cha chupa na gundi ya viatu. Tangi likavimba, likakohoa, likatoboa paa, likapaa juu kuliko mwewe, likaja kutua kwenye banda la kuku mtaa wa nyuma. Kuku wale walitaga mayai ya kuchemsha mwezi mzima. Kuna mmoja alijitia kuatamia, vifaranga wakatoka wamenyonyolewa tayari."

Mafundi walicheka, na wakati wanacheka yeye alikuwa keshaking'oa kizibo.

Kutoka darini alishuka bafuni, na huko ndiko alikochukiwa zaidi. Sharti lake la bafuni lilikuwa hili: kwenye bomba la mvua pawe na valvu inayochanganya maji ya moto na ya baridi, na iwe ile inayojua kujizuia. Maana mtu yuko chini ya maji, kajipaka sabuni mpaka kwenye kope. Mwingine anavuta maji chooni. Baridi yote inakimbilia chooni, na huyu wa bafuni anabaki na moto mtupu. Valvu nzuri inalijua hilo kabla ngozi haijalijua, inaubana moto palepale. Basi Mama Valvu alifungulia maji, akachomoa kipimajoto chake kutoka kifuani, akakiweka chini ya maji na kupiga ukelele: "Vuta!" Mtu akavuta choo. Joto likiruka, bafu limefeli.

"Vunja ukuta, uweke valvu."

"Lakini mama, humu watu wataoga tu," fundi mmoja alimwambia. "Hatupiki supu."

"Wewe ndiye unayesema hupiki. Mimi naangalia sufuria," akajibu, akaenda zake.

Sasa ni hivi. Katika mji huo mzima, bafu lililokuwa la hatari kuliko yote lilikuwa la nyumbani kwa Mama Valvu.

Nyumba ile aliijenga mumewe, aliyekuwa mwashi, mtu wa mikono ya dhahabu kwenye tofali na kigae. Aliijenga kabla hawajaoana, akamweka humo mama yake na wadogo zake wawili, ndipo akaenda kuposa. Bafu alilitia vigae vya buluu vyenye samaki, alivyovibandika kimoja kimoja usiku baada ya kazi za watu. Kimoja, kwa uchovu, alikigeuza chini juu, na samaki wake akawa anaogelea chali. Kwenye vigae hakuwa na mpinzani. Kwenye mabomba alikuwa kipofu, na kama wanaume wengi wa namna yake hakutaka kumwita mwenye macho. Bomba moja jembamba la maji baridi lililisha jikoni, chooni na bafuni. Kwenye ukuta wa bafu aliweka koki mbili, ya moto na ya baridi, akaziunganisha juu, akasema kazi imekwisha.

Bi harusi alioga humo asubuhi yake ya kwanza. Mama mkwe, bila nia mbaya, akavuta choo. Bi harusi alitoka bafuni kama risasi, povu kichwani, akajikuta amesimama sebuleni mbele ya wakwe wote, hana kitu mwilini isipokuwa adabu zake. Bwana harusi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipopata pumzi akatoa sheria ya nyumba.

"Anayeoga aimbe," alisema. "Wimbo ukisikika, mtu asiguse koki wala choo. Wimbo ukikoma, ruhusa."

Na nyumba ile ikaoga kwa nyimbo. Mwashi aliimba tangazo la sabuni la redioni, kwa sauti ya mbuzi aliyenaswa kwenye ua. Mdogo wake wa kike, huyu ambaye sasa ndiye wifi mwenye kidole, aliimba nyimbo za shule, na akizisahau aliimba hesabu za kuzidisha. Mama yao aliimba wimbo wa kubembelezea watoto, ule ule aliowalazia wote watatu, na jinsi alivyouimba taratibu watu walibanwa haja mpaka wakapishanisha miguu. Mama Valvu hakujua kuimba. Aliyaghani masharti ya kazi: "Valvu ya usalama, isizibwe, isizibwe ee!" Jirani alidhani ni dhehebu jipya.

Nani aliungua? Waliungua wote, kwa zamu. Mtu alisahau, akafungua koki ya jikoni, bafuni kukasikika yowe, watu wakacheka, mwekundu akatoka akitukana. Hita ilikuwa na joto la wastani tu. Iliuma kama siafu, haikuwa na zaidi ya hapo.

"Mume wangu," Mama Valvu alikuwa akisema, "mafundi wakijua ninavyooga nyumbani kwangu, nitakagua mabafu nikiwa nimevaa gunia kichwani."

"Mwaka huu tunavunja ule ukuta, tunaweka valvu yako."

Mwaka huu ukawa mwaka ujao. Kisha mwashi akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mwiko bado mkononi, na hapakuwa na mwaka mwingine wa kumwahidi mtu.

Mama Valvu alibaki na mama mkwe wake. Watu walimshauri arudi kwao, akawauliza kwao ni wapi. Wale wawili walikuwa wameshazoeana kama miguu na kandambili. Shemeji yake, kaka wa mwisho, alipanga chumba karibu na kazini kwake. Wifi alikuwa ameolewa mji mwingine. Jioni wanawake wale wawili walikaa jikoni bila kuzungumza, na ukimya wao haukuwa na ugomvi ndani yake.

Alichukua nyundo zaidi ya mara moja. Valvu ilihitaji ukuta uvunjwe, na ukuta ulikuwa na vigae, na vigae vilikuwa na alama za vidole vya mtu. Kila alipoinua nyundo, yule samaki wa chali alimtazama. Akairudisha nyundo.

Na bibi, yule mama mkwe, akaacha kuimba. "Wimbo ule nilimlazia yeye," alisema. "Keshalala. Nitamwimbia nani tena?"

Hakumlazimisha. Alichukua stuli ya jikoni, akaiweka mlangoni pa bafu, na bibi alipooga yeye alikaa pale kama askari wa benki. Akiwa ameketi pale hapana mtu aliyegusa koki. Mle ndani maji yalikuwa yakidondoka peke yake, bila sauti ya mtu.

Kilichofuata kilianzia ofisini. Wakubwa walileta mkazo kuhusu vijidudu. Maji ya vuguvugu yakilala kwenye tangi, walisema, humea vijidudu vinavyopanda na mvuke wa bafu vikamwingia mtu mapafuni, na mzee akivivuta ndiyo basi. Kwa hiyo tangi liwekwe moto mkali wa kuviua, na ile valvu ya bafuni ndiyo iyapunguze maji makali kabla hayajamgusa mtu. Ni kanuni moja yenye miguu miwili. Mama Valvu aliihubiri mji mzima mpaka mate yakamkauka. Tangi liwe moto, na valvu iwepo. Kimoja bila kingine sikitaki.

Bibi alikuwa na kikohozi cha vumbi, kile cha wazee, kinachokuja na kwenda kama mgeni asiye na nauli. Siku moja kilimkamata kwenye ukorido, akaegemea ukuta. Mama Valvu alikisikia, akawaza mapafu, akawaza vijidudu, akapanda darini. Kitasa cha joto cha hita kilikuwa pale pale alipokiacha mumewe. Akakizungusha mpaka mwisho.

Hakuwa mjinga. Alijua kwamba ameleta nyumbani mguu mmoja wa kanuni na mwingine ameuacha dukani. Alijiambia wiki ile ile atamtafuta fundi wa vigae mwenye mkono mwepesi, atakayevitoa vile vya samaki vizima vizima. Kumbe kesho yake bibi alitoka bafuni amechangamka, mashavu yanang'aa.

"Mkwe wangu, leo maji yana uhai! Mifupa yangu imekutumia salamu."

Ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu tangu msiba. Mama Valvu alimkaushia mgongo, akaona yupo pale na stuli ipo, kuna haraka gani ya kubomoa. Wiki ikapita, ikaja nyingine.

Halafu wifi akaja kusalimia. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga pale. Alikuja na mabegi na mdomo wake wote, akacheka, akalia, akala, akalala. Asubuhi yake bibi aliingia kuoga, akaweka komeo kwa ndani kama kawaida yake, na Mama Valvu akakaa kwenye stuli. Geti likagongwa. Lilikuwa linagongwa kwa jiwe, kwa fujo, na akasikia fundi anaita, bomba limepasuka kwenye nyumba aliyoipitisha juzi. Akainuka. Alisema moyoni, mara moja tu.

Wifi alitoka chumbani na usingizi machoni. Akapita ukorido. Stuli ilikuwa tupu, na kwake stuli tupu ilikuwa stuli tu. Akatega sikio, kama alivyofundishwa tangu yuko msichana. Hakusikia wimbo. Akaingia chooni, akamaliza, akavuta.

Sauti iliyotoka bafuni haikuwa wimbo.

Mguu wa mzee haurukii pembeni, jamani. Sabuni ilikuwa machoni, komeo lilikuwa limekaza, na mkono uliokuwa ukitafuta koki ulikuwa ukiitafuta ndani ya moto. Mama Valvu aliuvunja mlango kwa bega lake pana. Walimtoa wamemfunika shuka mbichi, na kandambili zake za plastiki bado ziko miguuni.

Mchana huo hospitali walimwambia Mama Valvu aende nyumbani alete mashuka mengine. Akaja. Nyumba haikuwa na mtu. Mashuka yalikuwa kabatini, lakini yeye hakwenda kabatini. Alipanda darini. Akakishika kile kitasa, akakirudisha pale alipokiacha marehemu, akakifuta kwa upindo wa gauni. Kisha akashuka, akachukua mashuka, akaondoka. Huko njiani ndipo alipojiuliza amefanya nini, na kwa nini amekifuta.

Tangu hapo ndiyo ilikuwa hali. Bibi alilala wodini, joto la homa likipanda, ngozi ya mzee haina ubishi. Wauguzi walimruhusu mtu mmoja tu kukaa naye, na kiti hicho alikishika shemeji. Mama Valvu alitaka kitu kimoja tu duniani, aingie pale wodini aseme na mama mkwe wake. Wifi alikuwa ameapa kwamba hakanyagi.

"Nipishe nikamwone," Mama Valvu alisema tena alasiri ile, pale sebuleni. "Dakika chache tu. Nina neno naye."

"Neno gani? Ukamkague?"

"Wifi."

"Kazi yako ni nini wewe? Si mabafu? Umevunjia watu kuta mji mzima, bafu la mama yangu likakushinda! Mtu wa pembeni akisikia atasema ulipanga."

"Wewe binti," mama mdogo akafumbua jicho moja. "Hilo neno lirudishe ulikolitoa."

Mama mdogo alikuwa mdogo wake bibi, mwembamba, mkavu, mwenye ulimi unaoweza kumenya kitunguu. Alikuja na basi la kwanza aliposikia habari, na tangu afike alikuwa amelala kwenye kochi akiomba na kusikiliza kwa zamu.

"Silirudishi! Mwambie aniambie alikuwa wapi."

"Keshakwambia, getini. Unataka akuchoree ramani?" Mama mdogo akajiinua, akakaa. "Ila mimi kuna kitu kinanisumbua, na nimekiweka kichwani mpaka kinaniuma. Nimeoga kwenye bafu lile miaka nenda miaka rudi. Nimevutiwa choo, nimefunguliwa koki ya jikoni, marehemu mwenyewe aliwahi kunifanyia makusudi siku ya Jumapili nikatoka natukana mpaka jirani akafunga dirisha. Na sikutoka hata lengelenge. Nilikuwa mwekundu, nikapakwa mafuta, chai ikaendelea. Sasa siku hiyo maji yale yaliunguza vipi namna ile?"



Mama Valvu alitazama miguu yake. Akasema moyoni, huu ndio mlango, wameufungua wenyewe, pita. Hakupita.

"Ni uzee, mama mdogo," wifi akajibu, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Daktari alisema. Ngozi ya mzee ni karatasi. Siyo maji." Akakaa kwenye mkono wa kochi. Kile kidole kilichokuwa kikichoma watu pua kikakunjika, akaweka mkono wake wa kulia kwenye paja na kuutazama kama kitu alichoazimwa. "Siyo maji, ni huu. Nilivuta kwa mkono huu."

"Acha hayo."

"Nilisikiliza, mama mdogo. Naapa nilisikiliza kwanza. Hakuimba! Kwa nini hamkuniambia mama ameacha kuimba? Mngeniambia kwenye simu. Mnaniambia bei za vitu, mnaniambia nani kaoa, hamniambii mama yangu haimbi?" Akaanza kuupiga ule mkono kwenye ukingo wa meza, polepole, kama mtu anayekung'uta kiatu. "Na sasa ndio huo huo nautumia kulia chakula."

"Utauvunja, wewe."

"Uvunjike."

Alikuwa akiupiga tangu walipotoka hospitali siku ya kwanza. Mama Valvu alikuwa ameuona ukivimba. Usiku aliusikia kupitia ukutani, tuk, tuk, na kila ulipopiga alilala upande mwingine. Makelele yote yale ya getini na stuli, alijua, yalikuwa ya kumzuia mtu asiuangalie mkono huo. Wifi alimtafutia kosa kila mahali ndani ya nyumba ile isipokuwa darini, na darini ndiko lilikokuwa.

Kama akisema, hatakuwa na mama mkwe, hatakuwa na wifi wala shemeji, na nyumba yenye samaki wa buluu ataitazama kutoka barabarani. Asiposema, atabaki na vyote, na kila jioni atausikia mkono ule, hata wifi akirudi kwake, hata akiwa mji mwingine.

Tuk.

"Wifi, acha," alisema.

"Usiniambie acha."

"Acha kuupiga mkono huo. Unaonea kisichohusika."

Wifi akainua uso. Mama mdogo naye alikuwa amefumbua macho yote mawili.

"Ulivyovuta choo ni kama tulivyovuta sote siku zote," Mama Valvu akasema. Alizungumza kama anavyosoma kasoro za nyumba ya mtu, moja moja, bila kumtazama mwenye nyumba. "Ungevuta siku nyingine Mama angepiga yowe, angetoka akakutukana, mkacheka. Siku hiyo tangi lilikuwa kwenye moto wa mwisho. Niliuongeza mimi. Nilipanda mimi na kuuongeza, kwa ajili ya vijidudu, na kile kikohozi chake. Ukiongeza moto wa tangi lazima uwe na valvu bafuni. Nawaambia watu kila siku. Sikuwa nayo. Nilijua sina."

"Uliongeza," wifi alisema.

"Niliongeza."

"Lakini kaka alipanda kutazama. Siku ile ile jioni alipanda, akashuka akasema hita iko vilevile, haina kosa."

"Niliirudisha."

Mama mdogo akafunga mdomo wake kwa kiganja.

"Uliirudisha lini?" Wifi hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Nilipokuja kuchukua mashuka."

"Mama yuko wodini anavuliwa ngozi, wewe umepanda darini." Wifi aliinuka. "Halafu ukashuka. Ukanipikia uji. Ukakaa pale, kwenye kiti kile, ukanitazama naupiga huu mkono siku zote hizi, na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na uliniambia ninywe uji usije ukapoa!"

"Binti, kaa chini," mama mdogo akasema, lakini hakuna aliyemsikia, na yeye mwenyewe hakuwa na uhakika kama anataka mtu akae.

Mama Valvu alibaki amesimama. Alikuwa ameshajiandaa kwa kofi, alikuwa anaona hata lingekuwa zuri. Kofi halikuja. Wifi alimkaribia mpaka wakaonana mishipa ya macho, ule mkono uliovimba umening'inia kando yake kama wa mtu mwingine.

"Mama anajua?"

"Hajui. Ndilo neno nililokuwa nalitaka kumpelekea. Ananishukuru, wifi. Siku ile kwenye gari aliniambia pole kwa usumbufu. Aliniambia mimi pole! Siwezi kukaa na pole yake. Nipelekeni nikamwambie kwa mdomo wangu, halafu mnifanye mtakavyo, mnifukuze, mnipeleke polisi, mtanikuta hapo hapo getini. Lakini ajue aliyemchoma, ajue si wewe."

"Umepiga simu kwa kaka kule wodini?" wifi alimwuliza mama mdogo bila kugeuka.

"Tangu adhuhuri. Hapokei."

Wifi alifuta pua kwa mkono wa kushoto. Alitazama mlango wa bafu kule mwisho wa ukorido, uliokuwa umeegemezwa ukutani tangu siku ile, bawaba zimeng'oka. Kisha akachukua mtandio wake kwenye kiti.

"Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda wote. Utasimama mbele yake, na mimi nitasimama hapo hapo nisikie. Ukiruka hata neno moja nitalisema mimi."

"Sitaruka."

"Utaanzia wapi?"

"Nitaanzia darini. Nitamwambia, Mama, yale maji uliyosema yana uhai—"

Mlango wa mbele ukasukumwa. Aliingia shemeji, shati lile lile la juzi. Hakusalimu. Kwa mkono mmoja alikuwa ameshika kandambili za plastiki za mama yake, amezigandamanisha, soli kwa soli.